Kelele Ndani ya Gari: Pa Kuanzia kwa Mwenye Fedha Kidogo

Kelele zinazomfikia dereva aliyefunga vioo vyote hutoka katika vyanzo vitatu vikubwa: injini pamoja na ekzosi yake, matairi yanaposuguana na barabara, na upepo unaopasuliwa na bodi. Gari linapopanda mlima kwa gia ndogo, injini ndiyo inayotawala. Likishavuka mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa katika barabara tambarare, kwa kawaida sauti ya matairi huizidi ile ya injini. Na mwendo unapokaribia kilomita 100 kwa saa, upepo nao hujitokeza, na sauti yake hukua haraka kuliko mwendo wenyewe unavyoongezeka. Utambuzi huu una maana kubwa kwa mtu mwenye bajeti finyu, kwa kuwa kila chanzo kina tiba yake, na fedha nyingi hupotea pale mwenye gari anapobandika malighafi ghali mlangoni ilhali kinachomsumbua kiko chini ya sakafu.

Sauti huingia ndani kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa, ambamo mawimbi ya sauti hupenya kupitia nyufa, vioo na matundu ya nyaya. Ya pili ni chuma chenyewe: gurudumu hutikisika, mtikisiko huo hupanda kupitia springi na bushi hadi kwenye bodi, na mabamba mapana ya mlango, paa na sakafu hutetemeka na kuwa vipaza sauti. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho hakiongezeki kama kilo au mita, kwani ongezeko la desibeli 10 humaanisha nishati ya sauti iliyozidi mara kumi, ingawa sikio huisikia kama iliyozidi takriban mara mbili. Ndiyo sababu upungufu wa desibeli tatu au nne, unaoonekana mdogo kwenye karatasi, ni faraja ya kweli kwa mtu anayeendesha kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, maana kelele zisizokatika huchosha mwili na kupunguza umakini hata pale zisipoumiza masikio.

Magari mengi yanayotembea Afrika Mashariki yaliingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na baadhi yake, kama Toyota Probox iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, yaliundwa kwanza kwa kazi ya kubeba mizigo, hivyo mtengenezaji alibana matumizi ya vitambaa na malighafi za kuzuia sauti ili gari liwe jepesi na la bei nafuu. Katika magari ya namna hii hatua ya kwanza haihitaji malighafi yoyote mpya, bali ukaguzi. Mpira unaozunguka fremu ya mlango hukakamaa na kubonyea kadiri miaka inavyopita, nao unaweza kupimwa kwa ukanda wa karatasi: mlango hufungwa karatasi ikiwa katikati, kisha karatasi huvutwa, na mahali inapochomoka bila kushikwa ndipo hewa na kelele zinapopita. Jambo hili si dogo. Kwa hesabu za wataalamu wa sauti, ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata sehemu iliyobaki ingekuwa ya risasi. Mpira wa mlango ulio katika hali nzuri, ukitolewa kwenye gari lililokatwa vipuri na kununuliwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, unaweza kuleta utulivu kuliko rundo la mikeka ya kuzuia sauti.

Ukaguzi huo huo unapaswa kufika chini ya gari. Raba zinazobeba injini, ambazo mafundi huziita mauntingi, zikipasuka huruhusu mtikisiko wa injini kuingia moja kwa moja kwenye bodi, na hakuna kapeti itakayouzima. Tairi lililolika kwa mtindo wa meno ya msumeno hunguruma hata kwenye lami laini. Ngurumo inayobadilika dereva anapokata kona aghalabu ni ya beringi ya gurudumu, na kuifunika ngurumo hiyo badala ya kuibadilisha beringi ni hatari kwa maisha ya watu walio ndani.

Vyanzo vikishatibiwa, ndipo kazi ya mabamba inapoanza. Bamba tupu la mlango likigongwa kwa kifundo cha kidole hulia kwa muda. Likibandikwa kitu kizito chenye kunata na kunyumbuka, mlio hukatika mara moja, kama ngoma iliyowekewa kiganja. Kitu hicho hugeuza mtetemo kuwa joto dogo sana lisilohisika. Kilicho bora ni mkeka wa butili, yaani mpira wa bandia wa aina ileile inayotengenezea tyubu za matairi, uliofunikwa kwa karatasi ya alumini inayouzuia usinyumbuke ovyo na hivyo kuuongezea nguvu ya kula mtetemo. Watu wengi hudhani kwamba bamba lote lazima lifunikwe, na hapo ndipo gharama inapowakatisha tamaa. Kwa kweli kipande kinachofunika robo hadi theluthi ya bamba, kikiwekwa katikati panapotetemeka zaidi, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mkeka wa lami unaotumika kuzibia paa za nyumba ni wa bei ya chini zaidi, lakini katika joto la Mombasa au Khartoum gari lililoegeshwa juani hulainisha lami hiyo, ikatoa harufu na kubanduka, hasa ikiwa imebandikwa kwenye dari.

Mlango unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu si sanduku kavu. Maji ya mvua hupita kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vidogo vilivyoachwa chini kabisa, na fundi anayeziba vitundu hivyo huanzisha kutu kwa mkono wake. Nyuma ya ubao wa plastiki unaofunika mlango kwa ndani kuna karatasi ya nailoni ambayo mara nyingi hukutwa imechanwa na kuachwa ikining'inia na aliyetengeneza kioo au spika; kuirudisha na kuigundisha upya kingo zote ni kazi ya gharama ndogo mno, na huzuia maji na sauti kwa pamoja. Kabla ya kubandika chochote, chuma husafishwa kwa spiriti mpaka vumbi na grisi viishe, na mkeka hukandamizwa kwa nguvu mpaka usiache kiputo cha hewa.

Kwenye sakafu na juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo ngurumo ya barabara huingilia, mkeka wa butili peke yake hautoshi. Juu yake hutandikwa tabaka laini, kisha kapeti nzito, kwa kuwa uzito ndio unaozuia sauti ya hewani na ulaini ndio unaoutenga uzito huo na chuma kinachotetemeka. Tabaka hilo laini liwe sponji ambayo vijishimo vyake vimefungwa, mfano wa ile inayotengenezea mikeka ya mazoezi, ambayo hainywi maji. Vipande vya godoro, vinavyopendwa kwa sababu hupatikana bure, hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma, na katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi sakafu inaweza kuoza bila mwenye gari kujua. Trei za mayai nazo hazifai kitu hapa: ni nyepesi mno kuzuia sauti. Povu la kupuliza linalojaza mapengo ya madirisha ya nyumba lisiingizwe kabisa ndani ya nguzo za bodi, kwani huziba njia za maji na huweza kugusa nyaya au mifuko ya hewa ya usalama.

Kazi ifanyike sehemu moja baada ya nyingine, na kila baada ya sehemu gari lipimwe katika barabara ileile, kwa mwendo uleule, vioo vikiwa vimefungwa. Programu ya simu ya kupimia desibeli haina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini simu ileile ikiwekwa mahali palepale huonyesha tofauti vya kutosha kuamua kama sehemu inayofuata inastahili fedha. Baadhi ya kelele zitabaki. Vioo vyembamba vitaendelea kupitisha upepo, na mvumo mzito wa ekzosi, wenye mawimbi marefu, hupenya tabaka jembamba kwa urahisi. Kwa huo, tiba ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea akazibe bomba linalovuja.