Ikishushwa injini, gari lingali lile lile?

Fundi mzoefu hakimbilii kufungua boneti. Humwambia mwenye gari awashe, kisha huinamisha kichwa na kusikiliza. Kwa sikio tu atakwambia kwamba vavu zinagonga, plagi moja haichomi, au kabureta inamwaga mafuta kupita kiasi. Nimekaa gereji za kutosha kuliona hilo kwa macho yangu. Ndiyo maana jioni ya tarehe 19 Mei 2018 nililitazama lile gari la harusi tofauti na wengi. Mwanamfalme Harry na Meghan Markle walitoka kasri la Windsor kwenda kwenye tafrija Frogmore House wakiwa ndani ya Jaguar E-Type ya mwaka 1968, ya wazi, yenye rangi ya buluu iliyochanganyika na fedha. Watu waliangalia gauni. Mimi nilisubiri sauti, na sauti haikuja. Injini ilikwisha shushwa, mahali pake pakawekwa betri.

Ili uone uzito wa jambo hilo, sharti ujue injini iliyozoeleka kukaa chini ya boneti lile ni ipi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Coventry, mji wa viwanda vya magari vya Uingereza, ulipigwa mabomu vibaya na ndege za Ujerumani. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea. Viwanda vikaweka watu wa zamu wa kukesha wakiangalia moto. Katika kesha hizo William Lyons, mwenye kampuni iliyokuja kuitwa Jaguar, alikaa na wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, wakijadili injini watakayoiunda vita vikiisha. Naona jambo kubwa hapo. Watu wanangoja mabomu, nao wanapanga namna vavu zitakavyofunguka.

Mwaka 1948 injini hiyo ikatoka, jina lake XK. Ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, silinda hedi ya aluminiamu na kemshafti mbili juu. Iliipa Jaguar ushindi wa mashindano ya saa 24 ya Le Mans mara tano, kuanzia 1951 hadi 1957, na haikuacha kutengenezwa mpaka 1992. E-Type ilipozinduliwa Geneva Machi 1961, ilibeba XK ya lita 3.8. Watu waliotaka kuijaribu walikuwa wengi mno hata Norman Dewis, dereva wa majaribio wa kampuni, akaagizwa kuleta gari la pili. Aliondoka Coventry usiku akaendesha mpaka Uswisi, akafika asubuhi.

Umbo la gari hilo lilichorwa na Malcolm Sayer, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ndege, na jumba la Museum of Modern Art la New York limeliweka E-Type katika hazina yake ya kudumu. Wanaolisifu hutaja kwanza pua yake ndefu. Pua hiyo ina sababu: silinda sita zilizopangwa moja nyuma ya nyingine zinahitaji nafasi. Injini ndiyo iliyoamua sura ya gari.

Sasa turudi kwenye betri. Gari la Windsor lilibadilishwa na karakana ya Jaguar yenyewe, ile inayoshughulikia magari ya zamani, na likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2017 kwa jina la E-Type Zero. Mafundi wale walijiwekea sharti ambalo linanifanya niwavulie kofia. Betri ya kilowati-saa 40 iliundwa iwe na vipimo vilevile vya injini ya XK, na uzito unaokaribiana nao, ikaingia palepale. Nyuma yake, ilipokaa giaboksi, ikawekwa mota ya kilowati 220. Propela shafti ikawa mpya, lakini difu ikabaki ya zamani.

Kwa nini wajisumbue hivyo, wakati betri zingeweza kupangwa kwenye buti na chini ya viti? Kwa sababu springi, breki na stelingi za gari lile zilipimwa kwa mzigo wa mahali fulani. Ukihamisha uzito nyuma, gari lililokuwa likikutii kwenye kona litaanza kurusha mkia. Zero lilipopimwa lilikuwa jepesi kwa kilo 46 kuliko lile la petroli. Lilifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.5, kama sekunde moja upesi zaidi ya E-Type za mwanzo, na chaji moja ililipeleka kilomita 270. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kusokota tangu inapoanza kuzunguka, haingojei mizunguko ipande kama injini.

Mradi wa kutengeneza magari ya namna hiyo kwa ajili ya wateja ulitangazwa mwaka 2018, ukasimamishwa mwaka uliofuata. Kazi yenyewe haikufa. Karakana nyingi binafsi Ulaya na Marekani zinaendelea kubadilisha Porsche, Mini na Volkswagen za zamani, mara nyingi kwa mota na betri zilizotolewa kwenye Tesla au Nissan Leaf zilizopata ajali.

Anayedhani kazi hii ni kutoa kimoja na kutia kingine anajidanganya. Injini ina vibarua vingi ambavyo havionekani. Breki zenye msaada hupata mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Ukiishusha, kanyagio linakuwa gumu kama jiwe mpaka ufunge pampu ya umeme. Hita hutumia maji ya moto ya injini. Altaneta huchaji betri ndogo ya volti 12 inayowasha taa na honi, kwa hiyo inabidi uweke kifaa cha kupunguza umeme wa betri kubwa. Umeme huo wa betri kubwa, aghalabu volti mia kadhaa, unaua. Fundi hujifunza upya kazi yake: kuvaa glavu za kuzuia umeme, kukata umeme kwanza, kungoja, kupima, ndipo aguse.

Je, linalobaki ni gari la kihistoria? Uingereza kwa miaka mingi, mpaka 2025, ilitumia hesabu ya pointi kuamua kama gari lililobadilishwa lina haki ya kubaki na namba yake ya zamani. Chasisi au bodi ilikuwa na pointi 5. Mfumo wa springi, ekseli, giaboksi na stelingi 2 kila kimoja. Injini pointi 1 peke yake. Pointi 8 zilitosha. Ukitoa injini na giaboksi, bado zilibaki 11. Mimi hesabu hiyo inanikera. Ile XK ya makesha ya vita haiwezi kuwa nusu ya thamani ya stelingi.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linasema gari lililotiwa umeme halistahili tena kuitwa la kihistoria. Hata hivyo linamshauri anayeamua kulibadilisha afanye kwa namna inayorudishika, na vipuri vyote vya asili viwekewe alama na kutunzwa. Aston Martin walifuata njia hiyo Desemba 2018 walipofunga mtambo wa umeme ndani ya sanduku moja kwenye DB6 ya mwaka 1970, likikaa kwenye vishikizo vilevile vya injini. Jaguar nao walisema lao linarudishika.

Wapo wanaotetea kazi hii kwa hoja ya hewa safi. Kwa gari linalotoka Jumapili moja moja, hoja hiyo sioni kama ina miguu. Betri nayo imetengenezwa kwa nishati nyingi, na kilomita chache za matembezi zitachukua miaka kulipa deni hilo. Hata London, yenye masharti makali ya moshi, imeyasamehe magari ya kale yaliyotimiza miaka 40.

Pale gari linapofanya kazi kila siku, nageuka kabisa. Nairobi kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, leo ikiitwa Roam, iliyoshusha injini za dizeli kwenye Land Cruiser za safari na kuzitia umeme. Zimetumika Maasai Mara, zikichajiwa kwa jua. Gari la namna hiyo huzunguka mbugani asubuhi na jioni, na likizimwa mngurumo wageni wanasikia majani yakitafunwa. Hapo ukimya ni faida tupu, wala hakuna anayeulilia ule moshi.

E-Type ni kitu kingine. Mwenye nalo akiniuliza, nitamwambia abadilishe kama bodi limepatikana tupu na injini yake ilipotea zamani. Kama XK yake ipo na inaguruma, aiache. Na kama ameshaamua, basi asiiuze kwa vipande. Atie oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, aizungushe kwa mkono mpaka pistoni zote sita zipite, azibe matundu vumbi lisiingie, afunge kila boliti kwenye mfuko wenye maandishi. Aiweke kwenye sanduku la mbao, mahali pakavu. Kila baada ya miezi michache arudi na spana, aizungushe tena.