Hili sanduku litaiwasha friji?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Kwa muuza soda baridi kando ya barabara kuu hapa Mtito Andei, kinachomsumbua zaidi stima ikikatika ni friji. Je, yale masanduku ya betri ya kubebeka, yenye inveta na soketi, yataiwasha?

Kwanza tenganisha namba mbili. Wati-saa (Wh) ni akiba iliyomo. Wati (W) ni nguvu inayoweza kutoka kwa mpigo. Sanduku la Wh 1,000 hukupa kama 850, maana inveta nayo inakula. Taa nne za wati 9, runinga ya 50 na ruta ya 10 jumla ni wati 96: karibu saa tisa. Chai pika kwa gesi. Birika la umeme hufika wati 2,000.

Friji ina vituko vyake. Ndogo ikishatulia hula wati 100 hivi, lakini kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa kufumba na kufumbua. Sanduku la wati 300 litajizima papo hapo hata likiwa limejaa chaji. Mimi nisingeshuka chini ya wati 1,000, tena inveta iwe ya wimbi safi. Na kwa joto letu kompresa haipumziki sana, basi usichukue hesabu ya mtu wa Limuru.

Joto hilohilo huitesa betri. Nyingi za litiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45, na chumba cha mabati saa nane mchana si mbali na hapo. Paneli ikae juani, sanduku kivulini penye hewa. Nunua waya mrefu. Paneli ya wati 200 ikitoa 150, Wh 1,000 zitajaa kwa saa saba hivi. Ukiweza, chagua litiamu ya chuma na fosfeti: ni nzito, ila huvumilia kuchajiwa maelfu ya mara.

Ukiletewa sanduku na ndugu kutoka Marekani, soma volti kwanza. Mengi ya huko hutoa 120, na friji zetu zinataka 240. Chaja ya simu itafanya kazi, friji haitawaka. Adapta ya soketi haikusaidii, kwani hubadilisha umbo la plagi tu.