Sullust, Sayari Inayosema Kikuyu

Sullust ni sayari ya kubuniwa katika hadithi za Star Wars, iliyowekwa pembezoni mwa galaksi. Uso wake umejaa volkeno, na hewa ya nje ni chafu kiasi kwamba Wasullust wamejenga miji yao mapangoni, chini ya ardhi. Ni viumbe wafupi, wenye masikio makubwa, macho meusi na mashavu yanayoning'inia. Inasimuliwa kwamba wana kipaji cha kukumbuka njia, ndiyo maana wanatafutwa sana kuwa marubani. Uchumi wao umeshikwa na kampuni moja kubwa, SoroSuub, ambayo inahesabiwa kuwa ndiyo iliyounda hata lile gari la kuelea la Luke Skywalker katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977.

Karibu yote hayo yaliongezwa baadaye, katika vitabu na michezo. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, Sullust haionekani hata mara moja. Inatajwa tu kuwa ndiko meli za waasi zinakokusanyika kabla ya kuivamia Dola kule Endor. Makao makuu ya Dola yenyewe hayakuwa na hali bora. Jina lake, Coruscant, lilitoka mwaka 1991 katika riwaya ya Timothy Zahn, na sayari hiyo iliyofunikwa na jiji moja ilionekana kwenye sinema mwaka 1997. Sullust ilianza na jina na lugha, na lugha yenyewe ni ya kweli.

Anayeisema ni Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando Calrissian ndani ya chombo cha Millennium Falcon. Mwili wake ni barakoa na kikaragosi. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, aliyezungumza Kikuyu na Kikalenjin. Mtaalamu wa sauti Ben Burtt alikuwa na desturi ya kuunda lugha za viumbe wa filamu hizo kwa kuanzia kwenye lugha za watu: Kizulu kilichoharakishwa kwa Wajawa, Kikalmyk kwa Waewok, na mwangwi wa Kikechua katika lugha ya Jabba. Sababu yake ni ya kiufundi. Mtu akibuni lugha ghafla, hurudia sauti za lugha yake mwenyewe bila kujua, na msikilizaji hutambua haraka kuwa ni porojo. Lugha hai ina mpangilio wake wa silabi, mahali pa kuvuta pumzi na kasi inayobadilika kulingana na maana.

Kikuyu kilifaa kazi hiyo. Kina irabu saba badala ya tano za Kiswahili, toni zinazopanda na kushuka, na herufi g inayotamkwa kwa kukwaruza koo. Kwa sikio la Kiingereza, hayo yalitosha kuonekana ya sayari nyingine.

Kwa mtazamaji wa Kahawa Wendani, pale Ruiru kando ya barabara ya Thika, hali ni tofauti kabisa. Filamu haikuweka tafsiri chini ya picha kwa maneno ya Nien Nunb, lakini huku Kiambu haihitajiki. Vita vikikaribia kuanza, Lando anamjibu rubani wake kuhusu mitambo ya adui inayozuia mawimbi. Maneno yenyewe ya Kikuyu ni ya kuwaita watu waliopo pale waje. Mazungumzo hayo mawili hayakutani popote. Bila shaka watengenezaji walimfikiria mtazamaji asiyeelewa, na hapo ndipo upungufu wao ulipo: lugha ya mamilioni ya watu ilichukuliwa kwa sauti yake tu, maana ikaachwa. Hata hivyo, watazamaji wa Kenya waliipokea kwa kicheko na fahari zaidi kuliko kinyongo.

Jambo jingine hupita bila kutajwa. Kikuyu ni lugha ya Kibantu, Kikalenjin ni ya Kiniloti. Hazina ukoo mmoja. Mwanaisimu ambaye angepewa kanda hizo achunguze asili ya Wasullust angeona mataifa mawili jirani katika kinywa kimoja, jambo la kawaida sana Kenya, ambako mtu mmoja husema lugha tatu kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2015 Rotich alirudi kumpa Nien Nunb sauti katika The Force Awakens. Mwaka huohuo, mchezo wa kompyuta wa Battlefront uliwaruhusu wachezaji kutembea juu ya miamba myeusi ya Sullust, miaka 32 baada ya sayari hiyo kutajwa kwenye sinema.