“Hiyo ni Nadharia Tu”

Tunaposema hivyo, mara nyingi tunamaanisha nadharia tete, yaani kisio linalosubiri kupimwa. Tumtazame Padre Gregor Mendel, Mwaugustino wa monasteri ya Brno. Uchunguzi: alichavusha njegere za mviringo kwa zenye mikunjo, kizazi cha kwanza zote zikatoka za mviringo. Nadharia tete: mikunjo haijapotea, imejificha. Jaribio: akaiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe. Matokeo: njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Aliyachapisha mwaka 1866. Nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa na wengi, mara nyingi, yakasimama. Basi kabla ya kusema “nadharia tu”, ndugu msomaji, tuulize kwanza: je, imepimwa?