Wastani Unaweza Kukudanganya: Pima Mbegu kwa ANOVA



Msimu mmoja nilimshauri kijana abadilishe mbegu ya mahindi shamba zima. Kwenye jaribio letu, mbegu mpya iliipita ya zamani gunia 4 kwa ekari. Akanunua, tena kwa bei kubwa. Mavuno yakaja yale yale. Baadaye ndio nikakumbuka: kipande cha mbegu mpya kilikuwa pale palipokuwa na zizi la ng'ombe. Tulipima samadi, siyo mbegu. Kosa langu, hela yake.

Ndiyo maana leo tunaongelea uchambuzi wa variansi, yaani ANOVA. Uliibuliwa na Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Swali lake ni moja tu: je, tofauti kati ya mbegu na mbegu inazidi ile iliyopo ndani ya mbegu ile ile?

Tuseme umepanda mbegu tatu, kila moja vipande vinne. Gunia kwa ekari:

Shamba la kwanza
A: 20, 21, 19, 20
B: 22, 23, 21, 22
C: 24, 25, 23, 24

Shamba la pili
A: 14, 26, 17, 23
B: 16, 28, 19, 25
C: 18, 30, 21, 27

Kote wastani ni 20, 22 na 24. Ukiishia hapo, utasema C ndiyo mbegu. Subiri kwanza.

Kati ya mbegu: wastani wa jumla ni 22. A imepungua 2, C imezidi 2. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 4 + 0 + 4 = 8. Mara vipande 4 ni 32. Gawanya kwa 2 (mbegu 3 toa 1), unapata 16.

Ndani ya mbegu: kila kipande toa wastani wa mbegu yake, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha vyote. Shamba la kwanza ni 6, la pili 270. Gawanya kwa 9 (vipande 12 toa mbegu 3): 0.67 na 30.

Sasa gawanya 16 kwa kila moja. La kwanza 24, la pili 0.53. Hiyo ndiyo F. Kwa jaribio la ukubwa huu, kwa kiwango cha asilimia 5, F inatakiwa kuzidi 4.26. Shamba la kwanza limepita. La pili halijathibitisha mbegu ni sawa, ila halikupi sababu ya kutoa hela.

Mambo matatu ya kushika:

1. Kipande kimoja kwa kila mbegu hakitoshi. Rudia mara nne au zaidi.
2. Piga kura kipande kipi kipate mbegu ipi. Usichague kwa macho.
3. Mbolea, palizi na tarehe ya kupanda viwe sawa kote.

F ikipita, inasema kuna mbegu inayotofautiana, haisemi ipi, wala kama bei yake inalipa. Hesabu ya faida bado ni yako.

Tukutane shambani.