Usibane matumizi kwenye mfuko wa kwanza wa kuku wa nyama

SONGEA: Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini, ndiyo maana mfugaji wa hapa hushawishika kuchanganya chakula cha kuku mwenyewe. Pumba haiko mbali, soya inalimwa humu humu mkoani, na dagaa hutoka Ziwa Nyasa. Gharama hushuka kweli, na chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji. Tatizo huanzia kwenye mifupa.

Kifaranga huanguliwa na uzito wa gramu 40 hivi, na mfugaji hutarajia kilo 2 kwa wiki 6. Uzito huo hubebwa na miguu ambayo siku za mwanzo bado ni laini. Ili ikomae inahitaji kalsiamu, fosforasi na vitamini D. Chakula cha kuanzia hutakiwa kuwa na kalsiamu karibu asilimia 1. Mahindi hayafikishi hata asilimia 0.1. Fosforasi imo kwenye mahindi na pumba, lakini kama theluthi mbili yake kuku hawezi kuimeng'enya. Nayo vitamini D hutengenezwa mwilini kwa msaada wa jua, ambalo kifaranga anayelelewa ndani halioni. Kwa hiyo chokaa ya mifugo, unga wa mifupa na mchanganyiko wa vitamini si mapambo.

Vikikosekana, ndani ya wiki 2 au 3 kuku huanza kuchechemea na kukalia visigino, na mdomo hupindika kama mpira. Akirekebishiwa chakula mapema anaweza kupona, ila mfupa uliokwisha kupinda haunyooki. Asiyefika kwenye chombo cha chakula haongezeki uzito, na mwenye mguu uliovunjika mnunuzi wa hoteli humkataa au hushusha bei.

Sasa hesabu. Vifaranga 100 hula takriban kilo 50, yaani mfuko mmoja, katika siku 14 za kwanza. Hadi wiki ya 6 watakuwa wamekula kilo 400 au zaidi. Anayebana kwenye mfuko huo wa kwanza anaokoa sehemu ndogo na kuhatarisha mingine yote. Kama ni lazima kuchanganya, heri kuanza na chakula cha kumalizia.

Wapo pia wanaowapa vifaranga chakula cha kuku wa mayai wakidhani kalsiamu nyingi ni bora. Chakula hicho kina asilimia 3.5 hadi 4, kiasi kinachozuia fosforasi kutumika na kuumiza figo za kifaranga.

Dagaa nao wanataka macho. Mchanga huongeza uzito kwenye mizani ya muuzaji lakini haujengi mfupa. Tia konzi moja ya dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji na ukoroge: mchanga hutuama upesi chini. Chokaa ya mifugo nayo ikidondoshewa siki hutoa povu; isiyotoa, mrudishie mwenye duka.