Vita Hushindwa Boharini

Kila nisomapo vitabu vya historia vinavyotumiwa katika shule zetu, hukuta majina ya majenerali, tarehe za mapigano na ramani zenye mishale. Ni nadra sana kukuta habari za mtunza bohari ya dawa. Pengo hili yafaa tulizibe, sisi walimu na wanafunzi, kwani jeshi lisilojua dawa zake ziko wapi limekwisha kushindwa kabla ya risasi ya kwanza kulia.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Batalioni ya Tisa ya askari wa miguu wa Afrika Kusini iliwasili Afrika Mashariki mapema mwaka wa 1916 ikiwa na watu zaidi ya 1,100. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, waliosalia na nguvu za kupigana walikuwa kama 120 tu. Wengi wao waliangushwa na malaria na kuhara damu.

Upande wa pili, majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck yalikuwa yamefungiwa njia za bahari na manowari za Uingereza. Hata hivyo, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, walitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikinchona iliyopandwa huko. Amani ilipotekwa mwaka wa 1916, askari waliendelea kuchemsha magome na kunywa maji yake machungu. Mnamo Novemba 1917, ndege kubwa ya gesi iitwayo L59 iliruka kutoka Bulgaria ikiwa na silaha na dawa za kuwaokoa. Hata kitambaa chake cha ndani kilikusudiwa kugeuzwa bendeji. Ilifika anga ya Sudan, ikaamriwa kurudi.

Sasa natuingie katika hesabu. Tuseme mpagazi abebe kilo 25, naye ale kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekula kilo 24. Yaani mzigo wote, ila kilo moja! Ndiyo maana katika nchi isiyo na barabara, kila sanduku la dawa lilishindania bega la mtu na gunia la unga pamoja na kasha la risasi. Anayeamua kipi kitangulie huamua pia nani ataishi.

Na ni nani aliyetangulizwa? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Wapagazi wa Kiafrika, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ndio waliobeba dawa hizo. Lakini walilishwa unga usioiva vizuri, wakakosa mablanketi ya kutosha, nao wakaugua kwa maelfu. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi, na wanahistoria wengi huamini idadi kamili ni kubwa zaidi. Mtu alibeba kwinini mgongoni, naye akafa kwa homa. Hilo halikutokana na uhaba pekee. Lilitokana na orodha ya mgao ambamo jina lake liliandikwa mwisho.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Akiba ya dawa huoza. Huharibiwa na joto, unyevu na muda, na ndiyo sababu majeshi ya leo huhesabu dawa mara kwa mara, hutoa kwanza zile zinazokaribia kuisha muda, na hugawa bohari kubwa katika vituo vidogo vilivyo karibu na askari. Hekima hiyo ilinunuliwa kwa roho za watu.

Ewe mwalimu, utakapofundisha vita hivyo, waulize wanafunzi wako swali moja zaidi ya yale ya mtihani: dawa ilikuwa wapi, na aliyeihitaji alikuwa wapi? Katikati ya majibu hayo mawili ndiko walikolala wapagazi wetu, wengi wao bila kaburi lenye jina.